Mahadhi ya Kanisa, Maneno ya Ardhi: Taamuli na Ubunifu katika Nyimbo za Olenguruone

Swali la iwapo kazi ya sanaa yaweza kuwa sala si geni katika fasihi ya Kiswahili. Mtunzi wa utenzi wa jadi aghalabu hakuanza kazi yake kabla ya kulitaja jina la Mungu. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utendi mnamo 1858 hali akiwa mgonjwa, alimwagiza wino na karatasi, akaufuma wasia pamoja na dua hata ikawa vigumu kutenga kimoja na kingine. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliusemesha moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate katika Al-Inkishafi. Kwa hiyo Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogo, alipoisimulia Enjili na kisha Zaburi kwa bahari ya utenzi katika miaka ya 1960, na kazi hizo kupigwa chapa na Wabenediktini wa Ndanda, alikuwa akiingia katika nyumba ambayo tangu zamani mlango wake ulikuwa dua.

Hata hivyo, dua na taamuli si kitu kimoja. Katika mapokeo ya Kikristo, hususan ya wamonaki, taamuli ni sala ambamo mwombaji huyaacha maneno, taswira na hata haja zake, akabaki mbele ya Mungu pasipo kuomba chochote. Hapo ndipo mgogoro unapozuka, kwani mtunzi anaishi kwa maneno na taswira zile zile ambazo mwenye taamuli anazipa kisogo. Thomas Merton, mmonaki Mtrapisti wa abasia ya Gethsemani huko Kentucky, Marekani, aliuona mgogoro huu kwa ukali usio wa kawaida. Katika makala yake ya 1947 kuhusu ushairi na maisha ya taamuli alidai kwamba mshairi anapofikia kizingiti cha sala ya kina huelekea kugeuka nyuma ili apate kitu cha kutungia: badala ya kuingia, anakusanya. Anayeitaka taamuli kwa dhati, kwa maoni yake, sharti awe tayari kuitoa sanaa yake sadaka. Mnamo 1958 aliirudia mada hiyo na kukiri kwamba alikuwa ametenga mno sala na maisha mengine ya binadamu, kana kwamba taamuli ni chumba ambacho mtu hukiingia baada ya kuviacha vingine vyote nje. (Ni vyema kukumbuka kwamba baina ya makala hizo mbili Merton hakuacha kuandika, na kwamba tawasifu yake ya 1948 ilimfanya mmonaki wa kimya awe miongoni mwa waandishi waliosomwa sana wa wakati wake.)

Katika maandiko hayo yote mawili anayezungumziwa ni msanii mmoja na nafsi yake. Anaogopa kiburi, anaogopa sifa, anaogopa kuitumia neema kama malighafi. Je, swali linakuwaje pale ambapo mtunzi si mtu mmoja, wala hana jina la kulinda, wala hana muda wa kuketi kimya? Historia ya Olenguruone, katika kingo za msitu wa Mau, inalazimisha swali hilo.

Mnamo 1941 serikali ya kikoloni iliwapeleka Olenguruone Wagikuyu waliokuwa wameondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Wengi wao waliichukulia ardhi hiyo kuwa fidia ya mashamba ya ukoo yaliyokuwa yametwaliwa Kiambu, na hivyo kuwa mali yao kamili. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji, ikawawekea kanuni za kilimo na za urithi. Wakazi walikataa kuzikubali. Katikati ya miaka ya 1940 walikula kiapo cha umoja ambacho, kinyume cha desturi, kilijumuisha wanawake na watoto. Na ni kiapo hicho, kama alivyoonyesha Tabitha Kanogo katika utafiti wake wa 1987 kuhusu maskwota, kilichosambaa hadi kwenye mashamba ya walowezi na kuandaa njia ya Mau Mau. Kufikia 1950 nyumba zilikuwa zimechomwa, mazao yameharibiwa, na familia nyingi zimehamishiwa Yatta, nchi kame ya Ukambani. Kumbukumbu ya kuhamishwa huko ilibaki katika nyimbo, nazo zikaingia katika hazina kubwa zaidi ya nyimbo za kisiasa za Wagikuyu za miaka hiyo, ambazo nyingi ziliimbwa kwa mahadhi ya kanisa.

Uhakiki umezisoma nyimbo hizo kwa namna mbili, na zote mbili zimeyadharau mahadhi. L.S.B. Leakey, katika kitabu chake cha 1954, aliyaona kuwa hila: Mzungu apitaye angesikia wimbo wa kanisa na kudhani kwamba watu wanasali. Maina wa Kinyatti, ambaye mkusanyiko wake wa 1980 uliziwasilisha kwa tafsiri ya Kiingereza, alizithamini kama sauti ya ukombozi, lakini tafsiri haichukui mahadhi, na msomaji anabaki na maneno ya ardhi, damu na uhuru. Adui aliona kinyago. Mtetezi aliona silaha. Yamkini wote wawili walikuwa na haki kwa sehemu. Lakini wapo waimbaji waliokuwa wamejifunza kusali kwa mahadhi hayo hayo, katika misheni na katika makanisa huru yaliyozaliwa baada ya mfarakano wa 1929. Mtu aliyemzika mamaye kwa wimbo fulani hawezi kuuvua wimbo huo maana yake kwa kubadilisha maneno tu. Mahadhi yana kumbukumbu yake. Mwanamke aliyetajiwa Olenguruone katika wimbo wa namna hiyo alikuwa akiitaja ardhi yake mahali ambapo jana alilitaja jina la Mungu, na hapana budi mhakiki aulize nini kilitendeka katika kukutana huko.

Jibu la makala haya ni kwamba kilichotendeka kilikuwa sala, tena sala iliyokidhi sharti moja la Merton bila kujua: mtunzi hakujibakizia kitu. Wimbo haukumpa jina wala sifa. Ulipokelewa na mwingine, ukaongezewa ubeti, ukasafiri. Ile tabia ya kukusanya ambayo Merton aliihofia haikuwa na mahali pa kushika.

Hapa, hata hivyo, pana ugumu ambao wapenzi wa nyimbo hizi hawapendi kuugusa. Sala yaweza kuwa ya kweli na bado ikawa dhidi ya mtu. Ardhi iliyoimbwa kama urithi ilikuwa na jina la Kimaasai, na msitu uliokuwa mgongoni mwake ulikuwa makao ya Waogiek, ambao nao wamefukuzwa mara kwa mara, hata Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikaamua mnamo 2017 kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao. Kilio cha mhamishwa mmoja kinaweza kumfunika mhamishwa mwingine. Tangu 1992, na tena mwaka 2007 na 2008, Molo na Olenguruone zimeona majirani wakichomeana nyumba kwa hoja ile ile ya ardhi ya mababu.

Zaburi zenyewe hazikukwepa jambo hili. Zaburi ya 137, ile ya wahamishwa walioketi kando ya mito ya Babeli, inaanza kwa machozi na kuishia kwa laana ya kutisha juu ya watoto wachanga wa adui. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza kwamba wamonaki waimbe zaburi zote 150 kila juma, na mapokeo yao huweka kimya baada ya zaburi. Kimya hicho si pumziko la koo. Ndani yake mwimbaji anabaki na alichokitamka, pasipo wimbo wa kumsukuma mbele, na laana inapata nafasi ya kumrudia yeye mwenyewe kama swali. Hapa ndipo taamuli inapoihitajia sanaa na sanaa kuihitajia taamuli: wimbo unakitoa kilichomo moyoni, kimya kinakikagua. Nyimbo za Olenguruone zilikuwa na zaburi. Malori hayakuwapa waimbaji kimya. Kuwalaumu kwa hilo ni ukatili, lakini kutoliona ni uhakiki mvivu.

Kimya hicho kilikuja kuletwa karibu na hapo baada ya wao kuondolewa. Mnamo 1956 Watrapisti kutoka Koningshoeven, Uholanzi, walianzisha monasteri yao Lumbwa, ambayo leo huitwa Kipkelion, kaskazini-magharibi ya Olenguruone. Mtrapisti huweka nadhiri ya kudumu: kukaa na jumuiya ile ile, mahali pale pale, hadi kufa. Ni nadhiri ambayo wakazi wa Olenguruone wangeielewa kuliko mtaalamu yeyote wa liturujia, maana ndiyo waliyonyimwa. Kwa zaidi ya nusu karne wamonaki waliamka kabla ya alfajiri na kuziimba zaburi za uhamisho katika nchi ya watu waliohamishwa. Mtu anaweza kusema, na wapo wanaosema, kwamba hayo yalikuwa maficho: kwamba aliyejifungia na kusali wakati wenzake wanagombea ekari moja amechagua raha ya roho. Shutuma hiyo ina uzito, na haiondolewi kwa kutaja utakatifu wa wamonaki.

Historia iliijibu kwa namna ambayo hakuna nadharia ingeipanga. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, waliofukuzwa mashambani walikimbilia viwanja vya monasteri. Mahali pa kimya pakajaa watoto, magodoro na moshi wa meko. Kisha wamonaki wenyewe, ambao jumuiya yao ilichanganya watu wa makabila mbalimbali, hawakuweza kubaki. Mnamo 2008 waliondoka na kuhamia Uganda, ambako jumuiya imeendelea huko Kijonjo kwa jina lile lile la Bibi Yetu wa Victoria. Walioahidi kutohama walihama. Waliokuwa wakiimba uhamisho wa Israeli kwa niaba ya wengine wakawa sasa wanauimba kwa niaba yao pia, kwa mahadhi yale yale, mahali ambapo hakuna aliyezikwa miongoni mwa ndugu zao wa kwanza.