Ijue Kompyuta Yako

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama kutoka Microsoft. Kompyuta inawaka vilevile, barua zinachapwa vilevile, ndiyo maana wengi nyumbani hawajashtuka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter: toleo lako litajitokeza. Likiwa Windows 10 na mashine haikubali Windows 11, usiitupe. Linux, mfumo unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, hupatikana bure, na mashine kuukuu nyingi huimudu. Maelezo ya mfumo yasome kwanza kwa mtengenezaji wake mwenyewe, si kwenye ujumbe uliosambazwa WhatsApp. Na ukienda kwa fundi, tafadhali usiiache mashine kwenye kaunta ukaondoka. Kaa ubavuni pake, uliza kila anachobonyeza na sababu yake. Mafundi wengi hufurahi kuulizwa.