Sisimizi, Nyumba na Uhalali wa Kuua

Katika miji iliyo kando ya Ziwa Victoria, na hasa Kisumu, ambako udongo mweusi wa nyanda za Kano hushiba maji kila masika yanapokolea, kuingia kwa sisimizi majumbani huhesabiwa kuwa jambo la usafi tu, na hukumu yake huachiwa muuza dawa za wadudu. Hata hivyo, jambo hilo lina upande wa maadili ambao dini zilizofika mjini humo zilikwisha kuujadili karne nyingi kabla ya mji wenyewe kuwapo: je, binadamu ana haki gani ya kumwua kiumbe ambaye kosa lake lote ni kufuata harufu ya chakula kilichoachwa wazi na binadamu mwenyewe?

Kabla ya kuhukumu, hapana budi kuujua mwenendo wa mshtakiwa. Hutangulia sisimizi wachache wanaozurura wakitafuta, na mmoja wao akikuta chembe ya sukari, mafuta yaliyorukia kando ya jiko au kichwa cha omena kilichoanguka chini ya meza, hurudi kiotani akiacha njiani feromoni, yaani kemikali yenye harufu ambayo wenzake huitambua kwa vipapasio vyao; kila apitaye na kufanikiwa huiongezea nguvu, mpaka msafara mzima ukajipanga ukutani. Wakati wa kiangazi hufuata unyevu wa karo na mtungi, na mvua zinapofurisha viota vyao hupanda palipoinuka, ambapo mara nyingi ni sakafu ya nyumba. Kando ya ziwa kuna kishawishi kingine: wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi huvutwa na taa, wakafia dirishani kwa wingi, na mizoga yao ikawa karamu. Kwa hiyo karibu kila msafara huwa umealikwa, ingawa mwalikaji hakukusudia.

Uislamu umelizungumza suala hili waziwazi kuliko wengi wanavyodhani. Sura ya 27 ya Kurani inaitwa kwa jina la mdudu huyu, na katika aya ya 18 chungu mmoja anawaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na Suleimani na majeshi yake bila wao kutambua. Maneno hayo ya mwisho yana uzito, kwa kuwa chungu anawapa askari udhuru kabla hawajakosa: wakiua, wataua kwa kutojua. Mwenye nyumba anayemwaga sumu ukutani hana udhuru huo. Aidha, ipo hadithi iliyopokewa na Abu Daud inayokataza kuua viumbe wanne, chungu akiwa mmoja wao, na nyingine katika mkusanyo wa Bukhari kuhusu nabii aliyeumwa na chungu mmoja akaamuru kiota kizima kichomwe, naye akalaumiwa na Mungu kwa kuuangamiza umma unaomsabihi. Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria za dini, hawakuliacha katazo hilo bila mpaka; Imamu Malik anatajwa kuwa alichukia kuwaua isipokuwa wanapodhuru na ikawa hakuna njia nyingine ya kuwazuia. Sharti la pili ndilo linalosahauliwa.

Wahindi waliofanya biashara Kisumu baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901 walileta pia msimamo mkali zaidi. Wajaini, ambao Waoshwali wa Kenya ni tawi lao mashuhuri, hufuata ahimsa, yaani kutodhuru chochote chenye uhai, na mafundisho yao humweka sisimizi katika daraja la viumbe wenye hisi tatu: kugusa, kuonja na kunusa. Wanaoshika desturi hiyo barabara hawali baada ya jua kutua, wasije wakameza mdudu gizani. Ukristo, ambao ndio dini ya wengi mjini, umemtaja chungu katika kitabu cha Mithali kama mwalimu wa wavivu, lakini haukuweka sheria juu ya uhai wake. Na si jambo la kushangaza, maana ni rahisi kumsifu mwalimu ambaye hajaingia katika kopo la sukari.

Masharti ya Malik yakichukuliwa kwa uzito, utaratibu wa kawaida unapinduka: kinachotangulia ni kufunga, kufuta na kuziba. Sukari na unga huwekwa katika vyombo vyenye vifuniko vinavyobana. Njia ya harufu hufutwa kwa maji ya sabuni au siki, kwani kuwaua waliomo njiani bila kuifuta ni kuwaachia ramani wanaofuata. Nyufa huzibwa kwa saruji. Na miguu ya kabati husimamishwa ndani ya makopo ya maji, kama wafanyavyo akina mama wengi wa kanda hii. Tena sumu ya kupuliza haina hata ubora inaosifiwa, kwa kuwa huua watafutaji na kumwacha malkia kiotani, na kwa aina moja ya sisimizi wadogo wa manjano wanaopenda majengo, dawa hiyo hulitawanya kundi likazaa viota vingi mahali pa kimoja.

Siafu ni kesi tofauti, kwani msafara wao haualikwi na uchafu wala hauzuiliwi na kifuniko. Busara ya zamani ilikuwa kuwatoa watoto, kufungua mabanda ya kuku na kuwapisha. Wakishapita, mende na panya huwa wamekwisha.

Hata hivyo, wajibu wa kuzuia haumlemei kila mtu sawasawa. Mpangaji wa chumba kimoja katika mitaa ya Nyalenda au Manyatta mjini Kisumu hupika, hulala na kuweka akiba pale pale, juu ya sakafu iliyopasuka ambayo si yake kuikarabati, karibu na mtaro usiozolewa taka. Akinunua sumu ya bei rahisi, sehemu ya hukumu inamwangukia mwenye nyumba aliyepokea kodi bila kuziba ufa, na nyingine serikali ya kaunti, ambayo kuzoa taka ni kazi yake kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010.