Dawa Yangu na Haki ya Jirani

Mwanafunzi mmoja wa chuo nifundishamo huku ugenini alinijia akikohoa, akaniomba vidonge vya antibiotiki alivyojua kuwa vimenibakia. Nilipomkatalia alishangaa. "Maalim," akasema, "dawa si yako? Na mwili si wangu?" Swali hilo yafaa tulipime pamoja.

Mnamo mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aliona ukungu ulioota katika chombo chake cha maabara umeviangamiza vijidudu vilivyokuwa karibu nao. Ilipita miaka zaidi ya kumi hata wataalamu wa Oxford, wakiongozwa na Howard Florey na Ernst Chain, wakaweza kuitoa penisilini kwa ajili ya kutibu watu. Februari 1941 walimdunga askari polisi, Albert Alexander, ambaye usaha ulikuwa umekwisha kumpotezea jicho moja. Kwa siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa haba mno, hata wakawa wakiichuja tena kutoka katika mkojo wake ili wamdunge upya. Ikaisha. Ugonjwa ukarudi, naye akafariki mwezi Machi. Tafakari: alikufa kwa kukosa kiasi kidogo cha kitu ambacho leo twakisahau mtotoni mwa meza!

Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alitoa onyo kwa mfano. Mtu aumwaye koo ajinunulia penisilini, ameza kidogo: haikutosha kuviua vijidudu, bali yatosha kuvizoeza. Amwambukiza mkewe, naye apata nimonia. Atibiwa kwa dawa ile ile, isimfae kitu, afa. Ni nani aliyemwua? Fleming hakusita kumlaumu mume.

Mke huyo ni wa mfano tu. Walakini watafiti walikadiria kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya vijidudu vilivyokuwa sugu kwa dawa. Hao hawakuwa wa mfano.

Basi, je, kila anunuaye nusu ya dozi ni mwuaji? La hasha! Mama ambaye fedha zimemwishia dukani sithubutu kumweka safu moja na mume yule. Wala tusisahau kwamba wengi wangali wanakufa kwa kukosa dawa hizi kabisa. Mzigo wa muuzaji ajuaye naye akanyamaza ni mzito zaidi. Kadhalika wa tabibu aziandikaye kwa mafua, hali mafua huletwa na virusi, nazo antibiotiki haziviui. Maji safi na chanjo, kwa kuuzuia ugonjwa, hutuondolea hata haja ya kuuliza.

Nilimpeleka kijana kwa daktari, akaambiwa hahitaji dawa hiyo. Alikohoa siku chache, akapona. Njiani aliniuliza swali la pili, nami sikulijibu upesi: vidonge vile, kwa nini vilikuwa vimebaki? Nilikuwa nimeacha kuvimeza siku homa yangu iliposhuka, kabla ya siku nilizoagizwa kutimia.