Fungu la Mtu katika Hewa Iliyochafuka

Wanavyuoni wetu wameieleza dhulma kwa maneno machache: ni kukiweka kitu pasipo mahali pake. Atakaye mfano wa maneno hayo na aitazame hewa iitwayo ozoni. Sehemu yake kubwa, kama tisa katika kumi, Mwenyezi Mungu ameiweka juu sana mbinguni, nayo huko hutukinga na ukali wa jua. Kwa ajili ya kuihifadhi, mataifa yalifunga mkataba mjini Montreal mwaka 1987. Lakini hewa hiyo hiyo ikizidi hapa chini tunapovuta pumzi, huwasha mapafu, huwazidishia taabu wenye pumu, na huunguza majani ya mazao. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilitaka isizidi mikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa nane.

Ni nani basi aiwekaye pasipo mahali pake? Hapo ndipo penye mas-ala. Ozoni ya chini haitoki moja kwa moja katika bomba la gari. Miaka ya 1950 mtaalamu Arie Haagen-Smit, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza harufu ya mananasi, alibainisha huko Los Angeles kwamba moshi wa magari na mivuke ya mafuta, vikipigwa na jua, ndivyo viizaavyo. Ni mtoto wa wazazi wengi, na kila mzazi humkana.

Tuchukue mfano wa kwetu. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hupita katikati ya mbuga ya wanyama ya Mikumi, na malori hayakatiki. Ukishika njia ya kusini kutoka Mikumi utafika Ruaha, wilaya ya Kilosa, penye mashamba ya miwa kando ya mto Ruaha Mkuu. Na miwa aghalabu huchomwa moto kabla ya kukatwa. Kiangazi nyika nazo huwaka, na mkaa huchomwa. Hata miti ya porini, kwa joto la jua, hutoa mivuke iingiayo katika kuizaa ozoni. Na sisi watu wa pwani tusijitoe: pepo za kusi hutoka baharini zikaingia bara, na moshi wetu haubaki mjini.

Wataalamu wa takwimu wana njia ya kuyagawa mafungu. Huandika, siku baada ya siku, kipimo cha ozoni, na pamoja nacho joto, upepo, wingi wa magari na mioto. Kisha huuliza kwa hesabu: lau mengine yote yangebaki vile vile na hili moja likazidi, ozoni ingezidi kwa kiasi gani? Elimu hii ina manufaa, kwani humnyima mtu nafasi ya kusema "si mimi". Lakini ina mipaka miwili. Kwanza, vitu viwili kwenda pamoja si dalili kwamba kimoja kimezaa kingine. Jogoo huwika na alfajiri ikaja, wala jogoo hakuileta alfajiri. Pili, hesabu hulipanga jua, mti na mwenye lori katika safu moja. Hujua sababu, haijui lawama.

Lawama yataka akili, hiari na uwezo wa kuacha. Jua na mti havina hayo. Mwenye kusema "ikateni miti" amemhukumu asiye na dhambi, akamwacha mwenye nayo.

Huenda mtu akasema: "Fungu langu ni dogo, lori moja katika maelfu." Tunamjibu: haba na haba hujaza kibaba, na mwenye kutia haba hawezi kukikana kibaba. Tena mafungu haya hukutana, na moshi wa mmoja hupata nguvu kwa mvuke wa mwenzake. Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu wa jahazi moja: wa chini walitaka kutoboa fungu lao wapate maji; wakiachwa, wote huzama. Hewa nayo ni jahazi letu.

Mwingine atasema: "Nina watoto wa kulisha." Ni kweli, na dharura ina hukumu yake. Mchoma mkaa asiye na kazi nyingine si sawa na tajiri aachaye injini za malori yake bila matengenezo ili faida izidi. Kwa hiyo kila mtu apimwe kwa mambo mawili: ni kiasi gani anatia, na ni kiasi gani anaweza kuacha. Mwenye vyote viwili kwa wingi ndiye wa kwanza kuwajibika.

Basi, ndugu msomaji, usichome taka penye njia nyingine ya kuziondoa. Tengeneza injini yako. Usitie moto shamba kwa uvivu wa jembe. Na wenye mamlaka waipime hewa mijini na vijijini, kwani pasipo kipimo watu hutupiana lawama tu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuliona fungu letu kabla ya kuliona la jirani. Wallahu aalam.