Zimwi ni la Nani?

Tangu niache chuo nasoma bila silabasi, na miezi hii hapa Tiwi nimejifungia na fantasia na riwaya za sayansi ya kubuni. Vitabu vitatu vimegoma kunitoka kichwani.

Cha kwanza ni A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin (1968). Kijana Ged, mwanafunzi wa uchawi, anafungulia kivuli kwa majivuno yake mwenyewe, nacho kinamwinda kisiwa hadi kisiwa. Cha pili ni Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed (2001). Mzimu wa babu unamrudia mjukuu wake K, mtu wa cheo na mali, na kumlazimisha atazame asiyotaka kuyaona. Cha tatu ni Walenisi (1995) cha Katama Mkangi, Mpwani mwenzetu aliyewekwa kizuizini mwaka 1986. Humo Dzombo anahukumiwa kurushwa angani afe, lakini chombo kinamfikisha kwenye dunia ambako watu ni sawa.

Ukionekana na vitabu kama hivi huku kwetu, lazima uulizwe: mambo ya wachawi na mizimu ya nini, na unaona yanavyoua watu?

Swali hili si la kudharau. Kwale na Kilifi, wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi. Kuna waliolazimika kupaka nywele rangi nyeusi, kwa sababu mvi zenyewe zimegeuzwa ushahidi. Huko Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia makwao. Na watetezi wa haki wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma huwa kuna shamba. Mzee akiondoka, ardhi inabaki na wanaoitaka. Tangu 1925 Kenya ina Sheria ya Uchawi, na ndani yake hata kumtuhumu mtu hivihivi ni kosa. Lakini umati haungoji kusomewa sheria.

Kwa hivyo tuache kusoma hadithi hizi? Mimi nasema la. Tatizo si kwamba hadithi ina mchawi. Tazama inamwelekeza nani kidole.

Ged anapogeuka na kukikabili kile kivuli, anakiita kwa jina lake mwenyewe. Zimwi lilikuwa yeye. Babu wa K hafufuki kumtisha jirani. Amemjia mtu wa damu yake, amdai hesabu. Na ukilikata lile jina Walenisi utasikia: wale ni sisi. Vitabu vitatu, waandishi watatu wasiofanana, na kila mmoja anamrudishia msomaji hofu yake mkononi: hii ni yako, ibebe.

Uvumi wa kijijini unafanya kinyume chake. Mtoto ameugua, biashara imekwama, mvua imekataa. Tafuta mwenye mvi. Anayeusikia haambiwi abadilike hata kidogo. Anaambiwa yeye ni safi, na ubaya wote unalala nyumba ya pili.

Kuna atakayesema basi tatizo ni imani yenyewe, tuing'oe. Hapo pia sikubali. Hapa chini Diani kuna Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Miti ile haikulindwa na waya wa seng'enge. Ililindwa na miiko: usikate, usiingie ovyo, usichukue kitu. Ukiichunguza miiko hiyo, kila mmoja unamfunga yule anayeuamini. Haumpi ruhusa ya kumgusa mtu mwingine. Ndiyo maana naona msitu na riwaya viko upande mmoja, na uvumi uko upande wa pili, ingawa vyote vinazungumza habari za visivyoonekana.

Sidanganyiki kwamba riwaya itazuia panga. Anayetaka shamba hasomi Le Guin. Lakini umati haujai watu wanaotaka shamba. Wengi wao ni vijana wa rika letu, waliosikia hadithi usiku na kuiamini bila kuihoji. Hao wanaweza kujifunza swali moja kabla ya kuokota jiwe: hadithi hii inataka mimi nifanye nini, na nikishafanya, nani atakayefaidika?