Msumeno Barabarani

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mwaka 2019 Austria iliugeuza msumeno huo. Katika sehemu za barabara kuu ambako mwendo ulikuwa umeshushwa hadi kilomita 100 kwa saa ili kupunguza moshi, gari la umeme liliruhusiwa kwenda 130 ya kawaida. La petroli likabaki na 100 yake.

Hoja yao si ya kupuuzwa: asiyetoa moshi aadhibiwe kwa moshi wa nani? Hata hivyo nasita. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 100 hadi 130 huongezeka kwa asilimia 69. Na gari la umeme, kwa uzito wa betri, aghalabu ni zito kuliko mwenzake. Mfupa wa binadamu hauulizi gari linakula nini.

Amri ile ililetwa kwa ajili ya mapafu, lakini bila kutangaza ilikinga na mifupa. Sababu moja ya sheria ikiondoka, tuangalie kwanza kama haikuacha nyingine nyuma yake. Usafi wa gari langu haunipi haki juu ya uhai wa jirani yangu.