HAKI YA JIRANI WA CHINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaitia milima na mito. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baad. Watu wawili walimwendea Mtume (S.A.W.) Madina wakiteta juu ya mfereji wa Harra, uliokuwa ukinywesha mitende. Zubeir bin Awwam shamba lake lilikuwa juu; mwenziwe, mtu katika Ansari, lake lilikuwa chini. Mtume akamwamrisha Zubeir anyweshe, kisha amwachie jirani yake maji. Yule Ansari asiridhike, akasema kuwa Zubeir amependelewa kwa ujamaa. Hapo Mtume akampa Zubeir haki yake kamili, ayazuie maji mpaka yafike kutani. Wanavyuoni wamefahamu hapa kuwa aliye juu hutangulia, lakini hutangulia kwa kadiri. Ikisha kadiri yake, maji ni haki ya aliye chini.

Hukumu hii yahitajiwa leo katika nchi ya Mara, huko bara. Mto Mara hutoka katika milima ya Mau, Kenya, kwa vijito viwili, Amala na Nyangores. Hupita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, ukateremka baina ya wilaya za Tarime na Serengeti, hata ukaingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Urefu wake ni kama kilomita 395. Walio juu ni raia wa Kenya, na walio chini ni raia wa Tanzania.

Mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa sehemu kubwa za msitu wa Mau katika hifadhi. Ardhi iliyovuliwa miti haiwezi kushika mvua. Wakati wa masika maji huteremka kwa nguvu na kuchukua udongo wenye rutuba, na wakati wa kiangazi mto hupungua. Matope yake hutuama katika kinamasi cha Mara, kwa jirani wa chini.

Wala si haki kumlaumu aliye juu peke yake. Tarime na Serengeti nako yako mashamba ya mlimani yasiyo na matuta, na malisho yaliyokanyagwa na ng'ombe hata nyasi zikatoweka. Hivyo ndivyo ardhi inavyokufa: hutangulia miti, zikafuata nyasi, kisha udongo wenyewe ukenda.

Mataifa yameliona jambo hili. Tarehe 17 Juni 1994, mjini Paris, yalipatana juu ya mkataba wa kupigana na kuenea kwa jangwa, na Kenya na Tanzania zote mbili zimo. Tangu mwaka 2012, kila tarehe 15 Septemba, nchi hizi mbili huadhimisha Siku ya Mara, chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria. Mwaka 2015 zikatia saini hati ya kuliangalia bonde la mto huo kwa pamoja. Basi hii ni ahadi, na kuvunja ahadi ni katika alama za mnafiki. Ahadi ya dola haitimii illa kwa mikono ya raia: mkulima apige matuta, mfugaji apumzishe malisho, na kando ya mto isilimwe.

Mtu wa pwani naye asiseme kuwa haya ni mambo ya bara. Mvua zikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi kwa udongo uletwao na mto Sabaki. Pwani nayo ni jirani wa chini. Tena mtu wa pwani ni mnunuzi: mkaa unaowaka jikoni mwake ulikuwa mti katika ardhi ya mtu mwingine. Anayeuteketeza mti wa jirani, kisha akalalamika kwa mvua na matope, na aihukumu nafsi yake kwanza. Yampasa apunguze mkaa, ailinde mikandaa ya pwani yake, na apande. Mtume amefundisha kuwa Mwislamu akipanda mti, akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake kuwa majirani wema, walio juu na walio chini, na aihuishe ardhi yao. Amin.